Mlango Nilioufunga kwa Rangi

Likasi, Shituru
Kipindi cha baridi

Kwa Mama yangu Mwansa, kule Kasenga,

Mama, jambo sana. Kabla ya neno lolote lingine, goti lako je? Lile la kushoto linalokuamsha mvua ikikaribia, limepona, ama bado unalipaka mafuta ya samaki na kuwafukuza watu wote ndani ya nyumba kwa harufu? Na paa la jikoni, waliisha kuliezeka? Mto nao umewapa nini mwaka huu? Sisi huku tunapumua. Bukari ya unga wa mahindi tunakula mara moja kwa siku, na siku tukila mara mbili tunaiita Noeli. Mimi nimekonda kidogo, suruali yangu ya harusi sasa inataka kamba, lakini moyo umenenepa. Utaelewa mbele.

Vero, dada yangu, najua ni weye unayemsomea Mama barua hii. Soma polepole, usiruke mistari kama ulivyoruka ile barua ya Pasaka. Na ukifika mahali Mama anaanza kusema "Minye nilikuambia!", nyamaza, mngojee amalize, kisha endelea. Leo simwachi ashinde.

Mama, barua yako ya mwisho niliipata kwa dereva wa lori la samaki. Uliniambia Ngalula ameenda kwao, mambo yamekwisha, nisikae kama mjane wakati nina nguvu. Ukaniambia tena kuhusu binti wa mwalimu wa misheni: mpole, anajua kulima, na baba yake hatasumbua kwa mahari. Nakushukuru, kwa kweli. Ulinihurumia. Mwambie yule binti Mungu ampe mume mzuri na maisha marefu. Sasa kaa vizuri kwenye mkeka wako nikueleze kwa nini mume huyo si mimi.

Unajua siasa ilivyotuharibikia huku. Watu tuliokula nao sahani moja wakaanza kutengwa: huyu wa hapa, huyu wa Kasai. Ngalula wangu alizaliwa hapahapa Likasi. Kasai aliijua kwa masimulizi ya baba yake tu, hata njia ya kwenda hakuijua. Haikusaidia kitu. Vijana walipita mlango kwa mlango wakiwaambia watu wafunge mizigo. Mama yake alikuwa mgonjwa, hawezi kusafiri peke yake. Ngalula akaniambia:

"Filipo, minye nitafikisha mama Mwene-Ditu kule Kasai, kisha nitarudia. Weye chunga nyumba. Ukitoka ndani, batatia mwingine."

Basi akaenda gare kungoja treni, na mimi nikabaki kuchunga nyumba. Nilimpelekea chakula kila siku. Mama, sitaki kukuandikia yote niliyoyaona pale gare. Familia nzima nzima zilikaa chini ya maturubai, zikangoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini, na wengine hawakuwahi kuipanda. Wazee waliofanya kazi nasi usine, pale kiwandani, miaka yote walikuwa wamekalia masanduku yao. Nililia, na sioni haya kukuambia.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Mzee mmoja, fundi wa umeme, alinishika mkono akasema, "Filipo, nyumba siwezi kuibeba. Unifanyie ukumbusho." Vero, mweleze Mama: ukumbusho ndivyo tunavyoita picha ya kutundika saluni, chumba cha wageni, ukutani, ili mgeni akikaa aulize, na mwenye nyumba apate kusimulia. Kwa kawaida watu huku wanataka nguva, ama simba, ama mambo ya zamani ya Wabelgiji. Yeye alitaka nyumba yake ya Shituru, na mti wake wa avoka.

Nikatafuta mfuko wa unga, nikauchemsha mpaka maandishi yakafifia, nikauvuta kwenye mbao nne, nikaupaka nyeupe. Rangi ni ya atelier yetu, karakana ya usine, mabaki ya makopo: kijivu cha mabomba, njano ya hatari, na ile nyekundu ya kuzuia kutu. Njo maana nyumba zangu zote ni nyekundu! Mzee alipoiona aliing'oa kwenye mbao, akaikunja, akaitia ndani ya koti lake kifuani. Kesho yake mstari wa watu ulikuwa mbele yangu.

Sasa sikiliza vizuri, maana shida yote imetoka hapa. Nyumba za kampani zinafanana: mlango katikati, dirisha kushoto, dirisha kulia. Nikakata katoni, nikatoa umbo la nyumba, kila picha ninachapa umbo lilelile, halafu naongeza mti wa mtu, ama banda la kuku, ama baiskeli. Na mlango niliupaka umefungwa. Wote waliniomba hivyo. "Onyesha nimefunga vizuri," waliniambia, na wananionyesha ufunguo walioufunga kwenye kitambaa. Kwa mtu anayeondoka, mlango uliofungwa ulikuwa faraja. Basi mkono ukazoea.

Kijana mmoja wa mtaa wetu, jina lake Chola, alikuwa mkubwa wa wale waliopita mlango kwa mlango. Akanijia na wenzake, kifua mbele.

"Weye mutoto ya Katanga! Juu ya nini unapakia bale bantu manyumba?"

Nikamwambia, "Ata yenu nitaipaka, Chola. Ila mama yako afue pazia kwanza, siwezi kuonyesha bantu pazia namna ile."

Wenzake wakacheka. Yeye akapiga teke kopo langu. Lo! Ile rangi ya kutu, Mama, haitoki kwa sabuni wala kwa mafuta. Viatu vyake vyeupe vya kutembelea siasa vikawa vyekundu mpaka leo. Lakini usidhani sikuogopa. Usiku ule niliweka shoka karibu na kitanda.

Treni ikaja, Ngalula akaenda. Nilimwona dirishani ameshika kichwa cha mama yake, hakupunga mkono kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Akili yangu ikaniambia: atarudi upesi. Hakurudi upesi. Posta imekufa, hilo mnalijua. Kuna nyumba yenye fonia, ile redio ya kusemeshana na watu wa mbali, lakini unasemea mbele ya foleni nzima, na mtu wa mashine anakata katikati. Maneno ya mume na bibi yake utayasemaje pale? Nikasema, mimi ni mpaka-rangi, nitamwandikia kwa rangi. Nikapaka nyumba yetu. Nikaweka mti wetu wa limau, nikaweka kinu chake, nikaweka hata ule ufa wa ukuta unaomkasirisha. Nikampa Papa Simoni, mtu mzima anayefanya kazi ndani ya treni, amfikishie kule Mwene-Ditu.

Nilijisifu, Mama. Niliona nimefanya kitu kikubwa, nikamsimulia kila mtu. Nikangoja.

Papa Simoni aliporudi alinikuta nachonga mbao. Hakusalimia.

"Filipo, weye ni mupumbafu ama unajifanya?"

"Nimefanya nini tena, Papa?"

"Bibi yako alikunjua ile picha mbele ya bantu ya kwabo yote. Akaangalia, akaangalia, akaikunja. Akasema, 'Amenifungia mulango.' Akaingia ndani, hakutoka tena."

Mama, nilikaa palepale chini, kwenye udongo. Katoni! Nilichapa nyumba yetu kwa katoni ileile ya watu wa gare, na mkono ukafunga mlango bila kuniuliza. Kwa wale waliokwenda, ule mlango ulisema: nyumba yako iko salama. Kwa mwanamke anayesubiri kurudi, ulisema: usije. Na kule, watu wake walishaanza kumwambia kwamba mimi wa hapa nitakuwa nimeoa mwingine wa hapa. Ngalula, unamjua, ana kiburi cha kifalme. Mtu wa namna ile haombi kufunguliwa.

Nilimwambia Papa Simoni amweleze. Lakini treni ya kurudi ikakosa mashine, mashine ikakosa mafuta, na miezi ikapita mingi. Kuacha nyumba sikuweza, ningeipoteza, naye angerudi wapi? Nilikuwa nakaa saluni naangalia ukuta mtupu. Ndipo ikaingia barua yako, Mama, na binti wa mwalimu ndani yake. Nikuambie ukweli? Nilichukua kalamu kukujibu ndiyo. Niliandika "Mama mpenzi" nikashindwa neno linalofuata, nikaiweka kalamu.

Vero, pumzika unywe maji. Sasa inakuja tamu.

Jumapili moja, treni imeanza tena kutembea, tumetoka ibadani, Papa Simoni huyu hapa, na mfuko wa unga umekunjwa kwapani. Nikaujua kwa rangi yangu. Amenirudishia picha, nikawaza, basi ndiyo mwisho. Jirani yangu Mama Kabwe alikuwa uani kwangu anaanika mihogo, akaacha mihogo yake akaja kuona. Nikaikunjua.

Mlango haukuwepo!

Ameukata, Mama. Kwa wembe, pembe kwa pembe, safi kabisa. Mahali nilipofunga mimi, yeye ametoa tundu. Na nyuma ya tundu ameshonea kipande cha kikwembe, kile kitenge chenye ndege wa njano nilichomnunulia soko la Kikula siku tulipoanza kuzungumza habari za ndoa. Na juu ya kile kipande amedarizi kwa uzi, kama walivyofundishwa mabibi wa wafanyakazi kule fuwaye, nyumba ya kampani ya kufundishia ushonaji: mwanamke amesimama mlangoni, mguu mmoja umeshavuka kizingiti. Na mgongoni ana kitu cha mviringo.

Mama Kabwe akapiga vigelegele mpaka kuku wakaruka. "Filipo, weye ni baba!"

"Hapana," nikasema, "kile ni kifurushi chake cha safari."

"Kifurushi iko na masikio?"

Nikaangalia karibu. Masikio mawili, ya uzi mweusi. Mama! Aliondoka na mimba changa, hata yeye mwenyewe hakujua. Niliketi kwenye kinu. Papa Simoni akakohoa, akasema alipewa maneno machache tu ya kuleta: "Mwambie, kama yee anafunga, minye nafungua."

Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Halafu nikaingia ndani nikachukua bisibisi, nikang'oa mlango wa nyumba. Ule wa kweli, wa mbao. Nikauweka nyuma ya choo. Nikasema, haufungwi tena mpaka mwenyewe afike. Watu walipita wakinitazama, baridi inaingia, mimi nimekaa saluni na blanketi, nimeitundika picha yangu ukutani, nafurahi peke yangu kama mlevi.

Na kutoka hapo moto ukashika. Mama Kabwe alikuwa na rafiki wa kufa na kuzikana, Mbuyi, aliyekaa naye benchi moja kule fuwaye, naye alikwenda na treni. Mama Kabwe akaniletea mfuko. "Unipakie nyumba yangu," akasema, "lakini mulango uache mweupe. Mbuyi atajitia mwenyewe." Papa Simoni akaupeleka. Ukarudi na Mbuyi mlangoni, ameshonwa na beseni kichwani, kwa uzi wa sweta iliyofumuliwa! Mama Kabwe anaisemesha kila asubuhi, anaipa habari za mtaa. Baada ya hapo wakaja wengine, na wengine. Katoni yangu nimeitupa. Sasa naenda mpaka kwenye nyumba ya mtu, nakaa, naichora vile ilivyo, na mlango nauacha mweupe. Wa huku wanatuma nyumba, wa kule wanajishona ndani yake. Leo ukitembea Shituru, Mama, saluni hata ile isiyo na kiti ina mtu wa Kasai amesimama mlangoni ukutani. Walisema watu hawa waondoke, wakaondoka. Lakini bado tunao ndani, na wageni wanauliza, na sisi tunasimulia.

Alasiri moja nikasikia mtu anakohoa mahali mlango ulipokuwa. Nikaona viatu vyekundu. Chola, peke yake, kifua kimerudi ndani.

"Papa Filipo..." Siku zote alikuwa ananiita "weye". "Bibi ya yaya yangu, kaka mukubwa, ule mwanamuke wa Kasai. Njo alinilea. Mama yangu alikuwa mugonjwa, njo alinipikia. Na minye... siku ile sikumufichia mizigo, sikumufanyia kitu."

Nilimwacha asimame. Siwezi kukudanganya, Mama, nilionja utamu wa ile dakika. Nikamwambia, "Nitapaka. Lakini pazia?"

Kesho yake nilipita kwao. Pazia lilikuwa juu ya kamba, linachuruzika maji, amelifua yeye mwenyewe. Nikaipaka nyumba yao na pazia jeupe, na mlango mweupe. Sijui yule mwanamke atashona nini akiipata. Labda atairudisha tupu, na haki atakuwa nayo. Chola anajua hivyo, anangoja.

Halafu Papa Simoni akatuma neno: treni inayokuja, Ngalula yumo. Nyumba yangu haina mlango, nitaiachaje? Unajua nani alikaa kizingitini kuchunga? Chola! Yule aliyewaambia watu watoke, alikaa pale tangu asubuhi amekunja mikono, anazuia hata mbuzi wasiingie.

Treni iliingia imechelewa na imejaa mpaka juu ya paa. Nikamtafuta kila dirisha. Mama Kabwe alikuwa amenishika shati nisianguke relini. Kisha mguu mmoja ukashuka kwenye ngazi, na ndege wa njano wa kile kikwembe, na mgongoni masikio mawili. Amekonda bibi yangu, Mama. Lakini macho ni yaleyale ya kugombana. Hakunikumbatia. Alisimama mbele yangu akauliza:

"Mulango iko wazi?"

"Niliung'oa," nikasema. "Uko nyuma ya choo."

"Uliung'oa? Na baridi hii? Na mutoto? Filipo, weye iko na akili kweli?"

Akanigombeza pale gare, mbele ya watu wote, tangu behewa la kwanza mpaka la mwisho, na watu wanacheka, na mimi nasema ndiyo mama, ndiyo mama, machozi yananishuka, na sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Akanigeuzia mgongo nimtoe mtoto. Ni msichana. Nikauliza jina.

"Mwansa," akasema.

Jina lako, Mama. Unakumbuka siku niliyomleta Kasenga kukusalimia. Ulitupa maji, ukatupa samaki mzuri, ukafanya yote. Lakini ulitupokea uani, na neno "ingia" hukumwambia, tukalala kwa mjomba. Aliona. Hakusema lolote siku ile wala baadaye. Kwa hiyo nikamwuliza, jina hili limetoka wapi moyoni mwako?

Akaniambia, "Mutoto mwanamuke wa kwanza anachukua jina ya mama ya bwana, njo desturi yenu. Pale mwanzo niliita na hasira. Lakini ukiita Mwansa ukimunyonyesha, Mwansa ukimuosha, Mwansa akiwa na homa, hasira inachoka. Sasa nikisikia ile jina, minye nafurahi tu."

Vero, kama Mama analia mwache. Kama anajifanya halii, mwache pia.

Mlango wa nyumba nimeurudisha kwenye bawaba, kwa amri ya bibi. Mshahara bado haujaonekana, sukari imekuwa hadithi, na siasa yenyewe haijatulia. Wapo wanaotutazama kwa jicho baya tukipita. Hatujali. Tunapaka, tunashona, mifuko inakwenda na treni na kurudi. Ngalula amekusanya wanawake, wanakaa uani kwetu wanatengeneza nyuzi kwa sweta kuukuu, na kelele zao zinasikika mpaka njia ya Kambove.

Nisalimie mjomba anayechonga mitumbwi, mwambie kitanda chake nakikumbuka. Nisalimie shangazi muuza chumvi, na mume wake mwenye mzaha. Nisalimie katekista aliyenifundisha kushika kalamu, mwambie mkono haukupotea. Na mwalimu wa misheni na binti yake, kwa heshima zote, bila kuingia ndani sana. Weye Vero nakubusu kwenye paji la uso kwa kazi ya kusoma.

Ni mimi mwanao asiyesikia, na safari hii nimefanya vizuri kutosikia,
Filipo

Mama, minye Ngalula. Filipo ananiachia nafasi kidogo hapa chini. Mwansa iko na meno mbili, na anauma. Ndani ya mufuko tunaotuma na barua hii utakuta nyumba yako ya Kasenga. Filipo aliipaka kwa kukumbuka, na weye na goti yako muko pale kwenye mukeka. Alitaka kupaka na mulango. Nilimukataza. Uzi ya nyavu uko nayo, na mukono yako najua ni mwepesi kupita yangu. Mulango tumeuacha mweupe. Utie weye mwenyewe mutu mwenye unataka kuona pale.